Kivinje Waliposema Ndiyo kwa Kinywa Chetu

Mwanangu Selemani,

Salamu nitakupa kesho kwa mdomo utakapokuwa unapanda lori, na dua nitakuombea ukishanipa mgongo. Karatasi hii si ya salamu. Wala si ya kukukumbusha shuka, dawa ya homa na kuchemsha maji, maana hayo mkeo anayajua kuliko mimi. Naandika kwa sababu nina hasira, na nikiyasema haya mbele ya wazee wetu hapa Mtanda wataniambia tena kwamba Bi Somoe amezeeka na moto wake kifuani. Karatasi hainikatizi.

Unakwenda Kilwa Kivinje kuifungua nyumba yetu. Wiki nzima watu wamekupongeza. Wamekuita mjumbe, wamekuita kinywa cha watu wa Likomwe, na Mzee Likunda amekupa koti lake. Lakini sijamsikia hata mmoja akikueleza nyumba hiyo ilifungwa kwa nini. Tulipohamishwa ulikuwa hujaingia jandoni, na sisi wakubwa tulizoea kuyasema mambo yale nusu nusu, kama watu wanaozungumza mbele ya mgonjwa. Hapo tulikosea, nami nimo. Leo yasikie mazima.

Tangu kabla ya Wajerumani, Likomwe yetu ya bara na Kivinje ya pwani walikuwa na mapatano. Sisi tulishusha mpunga na nta, wao walipandisha chumvi na nguo. Kila upande uliweka nyumba kwa mwenzake: yao kwetu bara, yetu kwao mjini, na yetu ilikaliwa na ukoo wangu. Aliyekaa ndani hakuwa mfanyabiashara. Kazi yake ilikuwa moja: wazee wa mji wakikaa kuzungumza jambo linalowagusa wenzao, wamwite, asikie kwa masikio yake, naye aseme. Hakuwa na haki ya kuwakataza. Alikuwa na haki ya kuulizwa. Nimesoma magazeti mengi maishani mwangu, na nimesoma jinsi mataifa makubwa yanavyowekeana mabalozi wenye bendera na magari. Sijaona walichokizidisha juu ya kile alichokuwa nacho babu yako Salumu, isipokuwa gari.

Juu ya mapatano kulikuwa na utani. Wewe umekulia Mtanda, utani unaujua wa misibani tu, watu wanapodai kanga na kuku. Mimi nimekulia Kivinje katika nyumba ile, na utani ulinisubiri mlangoni kila asubuhi. Nikipita kwenda chuoni kusoma Kurani, watoto wa mji waliniita, "Somoe! Panya wako ameiva?" Nami nilijibu nilivyofundishwa, "Afadhali mla panya kuliko muuza watu!" Wazee waliokaa vibarazani walicheka, na baba yake Shomari, huyu msemaji wa Kivinje wa leo, alicheka kuliko wote. Nilikuwa mkubwa nilipofahamu tulikuwa tunasema nini. Babu zao waliwauza watu wa bara kweli, wengine wakiwa wa kwetu. Hakuna kadhi wala mzungu aliyewahi kuwauliza. Sisi tuliwauliza kila siku, sokoni na misibani, huku tukicheka, na wao hawakuwahi kukana hata mara moja. Ndivyo tulivyoweza kula sahani moja.

Usifikiri kwamba tulikuwa na shauri moja siku zote. Hilo ndilo kosa ninalolisikia sasa kwa vijana wenzako wa siasa, wanaosema rafiki ni yule anayekubaliana nawe. Kivinje siku zote wamepatana na mwenye boma, awe nani. Sisi siku zote tumerudi nyuma msituni. Vita vya Maji Maji vilipofika, Likomwe waliinuka, na wazee wa Kivinje tuliokuwa na mapatano nao hawakuinuka. Lakini walituma mtu, akapanda hadi kwetu, akasimama katikati ya wanaume wenye mikuki, akasema: "Hatupigani. Nyinyi mna msitu nyuma yenu, sisi tuna bahari. Msitungoje. Ila leteni watoto." Watoto wakapelekwa. Nilikuwa mmoja wao, mdogo wa kubebwa. Tulifichwa katika nyumba yetu, na mama yake Shomari, Bi Mwanajuma, ndiye aliyetulisha. Wajerumani walipopita kuuliza, aliwaambia ni wajukuu wake wenye surua.

Kwa hiyo asije mtu akakuambia kwamba tulivunjika kwa sababu wao walitaka hivi na sisi tulitaka vile. Walitukatalia wakati wa vita, nasi tulibaki ndugu, kwa sababu walikuja kutuambia usoni.

Sasa sikiliza kilichotuvunja. Mwingereza alitaka Likomwe ibaki ya tembo. Akataka watu wateremke wakae kando ya barabara, nyuma ya Kivinje. Wazee wetu walikataa, na Kivinje walijua kwamba tumekataa. Mimi wakati huo nilikuwa nimeolewa Likomwe, nina wewe. Babu yako alikuwa Kivinje katika nyumba yetu, na asubuhi moja alikuwa amekaa kibarazani anashona kofia, akamwona Shomari anapita na wazee wengine kuelekea bomani, wamevaa kanzu za Ijumaa na siku haikuwa Ijumaa.

"Salumu, hujambo?"

"Sijambo, muuza watu. Kuna nini bomani?"

"Mambo madogo tu, ya barabara."

Wakapita. Baba yangu aliendelea kushona. Huko bomani Bwana Shauri, mzungu mkuu wa wilaya, aliuliza kama watu wa Likomwe wataridhia kuhama, na Shomari, aliyekuwa msemaji wa wazee, akasimama akajibu, "Ndiyo. Hao ni wenzetu, tunawasemea." Mambo madogo ya barabara!

Sisi tulizipata habari kutoka kwa tarishi aliyekuja na askari. Alisema kwa furaha kabisa, kama mtu aliyeleta barua ya harusi, "Wenzenu wa pwani wamekwisha kubali kwa niaba yenu." Watu hawakumwamini. Mzee Likunda, wakati huo bado ana nguvu zake, alimwambia hawezi kuwa ametoka Kivinje, maana Kivinje kuna mtu wetu na hakuna jambo letu linalopita bila yeye. Tuliambiana tungoje, Salumu ataleta neno. Tulikuwa tunamngoja bado siku askari walipoanza kuchoma maghala.

Shomari amesema miaka yote hii kwamba alitaka kutuokoa. Kwamba serikali ingetuhamisha tu, na ni heri kuhama kwa hiari kuliko kwa kuchomewa. Tulichomewa vile vile. Huenda alikuwa na nia njema. Nimelifikiria hilo kwa haki, kwa muda mrefu, na sina hakika kwamba hakuwa nayo. Lakini mtu mwenye nia njema angesimama kibarazani pale akasema, "Salumu, weka sindano chini, twende ukaseme." Ilikuwa hatua chache tu kutoka njiani.

Baba yangu alifunga mlango siku ile ile aliyojua, akaja kutukuta njiani. Watu wengi wa Likomwe walikaa kando ya barabara kama walivyoamriwa. Sisi tulikataa kuishi kwa hisani ya Kivinje, tukaenda Rutamba, tukalima kwa watu, kisha tukaja hapa Lindi. Babu yako alikufa Mtanda bila kukanyaga tena Kivinje, na mimi nilijisifia jambo hilo kama pambo. Nilikuambia mara ngapi, "Babu yako alikuwa mwanaume, alifunga mlango"? Nilikulisha jambo bovu. Mlango ulipofungwa, ni nani aliyebaki Kivinje wa kuulizwa? Kila baraza lililokaa tangu hapo limewasemea watu wetu wa barabarani, na hakuna hata aliyehitaji kupita mbele ya nyumba yetu akidanganya. Tuliwarahisishia kazi.

Kosa langu jingine lilikuwa baya zaidi, maana nililifanya kwa adabu. Bi Mwanajuma alipofariki, yule aliyenificha, nilikwenda kwenye matanga yake. Ilikuwa miaka mingi baada ya kuhama. Nilijifunga kanga nyeusi, nikaingia, nikatoa pole kwa kila mtu, nikakaa ukutani nikasoma Yasini. Wanawake wa nyumba ile walikuwa wananitazama, wananingoja. Mimi ndiye niliyekuwa mtani pekee pale. Ilinipasa nisimame, nivae kanga yake, nitembee kama yeye na mgongo wake wa kupinda, niombe ugoro kwa sauti yake ya puani, niwatukane wakwe zake, niwachekeshe mpaka machozi ya kilio yapate mwenzake. Nilijua. Kila sehemu ya mwili wangu ilijua. Nikakaa. Niliona kwamba kuwapa utani ni kuwasamehe, na sikutaka kusamehe, basi nikawapa heshima.

Jioni binti yake mkubwa alikuja akachuchumaa mbele yangu. "Somoe," akasema, "mama kaondoka hajachekwa. Umekuja kwetu kama serikali." Nimetukanwa na watu wa Kivinje tangu utotoni, nimeitwa mla panya, mchawi wa msituni, mvaa magome. Hakuna tusi lililonipata kama lile, maana lilikuwa la haki. Bi Mwanajuma hakusema ndiyo bomani. Alitulisha uji. Hasira yangu juu ya mwanawe nilimlipisha yeye aliye kwenye sanda.

Basi mwezi uliopita, ukiwa Rutamba shuleni unakofundisha, Shomari akaja hapa Mtanda na wazee wenzake wawili. Wewe umeambiwa walikuja wakapokewa vizuri. Ngoja nikuambie walivyopokewa. Alianza kupiga kelele akiwa bado uani kwa jirani.

"Hodi wala panya! Mmetubakizia mkia?"

Mzee Likunda aliruka kama amechomwa mwiba. "Karibuni wauza watu! Leo mmekuja na kamba au mmesahau?"

"Kamba tunayo, ila nani atawanunua? Mmekonda!"

"Tumekonda kwa chumvi yenu!"

Wakakumbatiana, wazee wazima, wanacheka na kulia. Na mimi, mwanangu, sitakuficha, mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka kucheka. Nilikuwa nimeyakosa maneno hayo kuliko nyama. Kisha nikamwona Shomari ananitazama pembeni ya jicho, anapima kama nimecheka, na cheko likanikauka. Nilielewa alichokileta. Miaka yote hakututania kwa sababu utani wetu wa kuuza watu ulikuwa umegeuka kuwa kweli mpya, naye aliona haya. Sasa aliuleta utani ili upite juu ya jambo lile kama mkeka juu ya shimo.

Nikasema, "Shomari, mtani wangu. Yule mtu wa mwisho mliyemuuza alikuwa nani?"

Hata watoto waliokuwa mlangoni waliondoka.

Mzee Likunda akanigeukia. "Bi Somoe, huo ni utani au ni kesi?"

"Mwulize yeye. Yeye ndiye anayejua."

"Watu wamesafiri siku nzima kwa lori wakaja kutucheka kama zamani, wewe unataka nini tena?"

Nilitaka neno moja. Nilitaka aseme: tulisema ndiyo kwa kinywa chenu bila kuwauliza. Shomari alitazama chini akasema mambo ya kale yana wenyewe, na sasa Uhuru unakuja, tusimame pamoja. Wazee wetu wakaitikia. Wakaletewa wali. Kabla ya magharibi walikuwa wamekubaliana kwamba nyumba ifunguliwe na wewe ndiwe utakayekaa, kwa kuwa ni nyumba ya ukoo wetu na wewe unajua kuandika.

Na kwa nini wana haraka? Hilo nalo hukuambiwa sawasawa. Ijumaa ijayo baada ya sala, baraza litakaa Kivinje. Serikali inataka kuuteremsha mpaka wa tembo tena, na ukiteremka utayala mashamba ya watu wetu wa barabarani, yale yale waliyopewa walipochomewa ya kwanza. Kivinje hawataki kugombana na serikali iliyo karibu kuondoka. Wanataka gati yao itengenezwe na shule yao iezekwe kabla wazungu hawajafunga mizigo. Watu wetu hawataki kusogea hata hatua moja. Hayo ni mashauri mawili, kila moja lina sababu, nami siwalaumu Kivinje kwa lao. Lakini safari hii swali litaulizwa tena katika chumba kile kile, na Shomari bado ndiye msemaji. Ndiyo maana anataka wewe uwemo ndani, umevaa koti la Likunda, umecheka naye kibarazani asubuhi. Ukiwemo na ukanyamaza, ndiyo yake itakuwa yako.

Leo alasiri amekuja tena, peke yake. Mmepangiwa lori moja, alisema amekuja kuuliza kama mzigo wako ni mkubwa. Nilikuwa uani natupia kuku pumba. Akakaa juu ya kinu bila kukaribishwa, mzee sasa, magoti yanamlia. Kisha akasema, sauti ya chini, "Somoe. Nilimpita Salumu. Nilimwambia mambo ya barabara. Nimelala na neno hilo kila siku tangu siku ile."

Nikamwacha amalize.

"Tulisema ndiyo kwa kinywa chenu. Haya, nimesema. Umeridhika?"

Mwanangu, unaweza kufikiri kwamba hapo hasira yangu ingekwisha. Ilipanda mpaka kwenye nywele.

"Ile ndiyo uliisema wapi, Shomari?"

"Bomani."

"Mbele ya nani?"

"Mbele ya watu wote, unajua."

"Basi ndiyo uliisema mbele ya watu wote, na hili unawaambia kuku wangu?"

Akasema nikumbuke umri wake. Akasema akilisema barazani wajukuu zake watamcheka na vijana watamwondoa kwenye usemaji. Nikamwambia aondolewe. Nikamwambia kwamba watu wetu walichomewa maghala mbele ya watoto wao na hakuna aliyekumbuka umri wa mtu. Aliinuka, akashika ukuta, akasema, "Mama yangu alikuonea huruma bure." Nikamjibu kwamba mama yake ningemcheka vizuri matangani kama si ile ndiyo ya mwanawe. Akatoka. Mlangoni alisimama kidogo, nadhani alitaka kunitania, akashindwa.

Mtu huyo utakaa naye kesho katika lori kutwa nzima. Mheshimu. Mpe nafasi ya mbele kwa dereva, magoti yake ni mabovu kweli. Akikutania, mjibu, usimnyime kama nilivyomnyima mama yake, maana mtu anayekunyima utani amekufanya mgeni, na mgeni haulizwi kitu. Usimchukie kwa ajili yangu. Hasira hii ni yangu, nimeilipia, sikurithishi. Ninachokurithisha ni ile haki ya kuulizwa.

Ijumaa, usingoje kuitwa. Babu yako alingoja kuitwa. Nenda ukakae mapema, mahali ambapo watakuona wote. Bwana Shauri akiuliza swali lake, na Shomari akasimama, nawe simama. Usipige kelele, usitoe hotuba kama za siasa. Sema tu, "Mzee wangu, kabla hujajibu hili, kuna la kwanza." Kisha kaa, unyamaze, na kimya kikiwa kirefu kiache kirefuke. Wewe ni mwalimu, unajua kumngoja mtoto anayelijua jibu.

Asiposema, usifunge mlango. Hilo nakusihi kuliko yote. Mwambie Bwana Shauri kwa kinywa chako mwenyewe kwamba watu wa Likomwe hawahami, kisha urudi nyumbani, ulale, na baraza lijalo uende tena useme la kwanza lile lile. Wakuchoke. Wakuite balaa. Kaa. Mimi sitakuja kukutembelea mpaka lisemwe, na usinibembeleze, ila wewe kaa.

Na akilisema, Selemani, akisimama mbele ya wajukuu zake na mbele ya mzungu akasema walitusemea bila kutuuliza, usimpe mkono kwanza. Wala usimshukuru. Simama umtukane. Mwite muuza watu kwa sauti ambayo soko zima litaisikia, mpaka wajukuu zake wacheke, mpaka na yeye acheke. Baada ya hapo ndipo umpe mkono.

Ni mimi mama yako,
Somoe binti Salumu,
Mtanda, Lindi.